Nataka kusomea biashara chuoni: nibaki HGE au nibadilishe niende ECA?

Binti wa Mtama aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo Mtama, mkoa wa Lindi. Nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu ni daraja la pili, pointi 18. Utunzaji wa vitabu vya hesabu nina B, Biashara B, Kiswahili B, halafu Historia, Jiografia, Kiingereza na Uraia nina C. Hisabati ndiyo D.

Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilijaza HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) chaguo la kwanza na ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) la pili. Sasa dirisha la kubadilisha tahasusi likifunguliwa natamani niigeuze, ECA iwe ya kwanza, kwa sababu lengo langu ni kusoma shahada ya biashara na baadaye nifanye kazi ya mazao huku huku kusini. Mjomba wangu ndiye atakayelipa michango na nauli, na yeye hataki. Anasema Uhasibu wa kidato cha tano na sita ni mgumu, watoto wanatoka na alama za chini, E na S, na kwamba biashara chuoni unaingia hata kwa tahasusi nyingine, sasa ya nini kujitesa. Anasema pia kwamba chuoni kila kitu kinaanza upya.

Hesabu nazipenda kweli. Baba ana duka la rejareja na mimi ndiye ninayemwandikia daftari la wadaiwa, maana huku watu wengi hukopa hadi korosho zilipwe. Naomba wanaojua wanieleze: Uhasibu wa kidato cha tano unanisaidia kweli nikifika chuo, au mjomba yuko sahihi? Na hiyo D ya Hisabati itaniangusha?

Mwana Shangani alijibu:

Mambo vipi mdogo wangu. Mimi wa Mtwara mjini, kwa sasa nasoma shahada ya biashara Dar, mwaka wa pili, na nilitokea HGE. Kwa hiyo kwenye suala la kuingia chuo mjomba wako hajakosea. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Halafu kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, kwa hiyo usome kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wako, usiridhike na kuambiwa.

Na ni kweli mhadhiri alianzia mwanzo kabisa, debiti na krediti, leja, urari wa kuhakiki kama pande hizo mbili zinalingana. Ila mambo tuliyoyafanya wiki zile za kwanza, waliotoka ECA walikuwa wanayajua kama majina yao. Sisi wa HGE tulikuwa tunakesha kwenye kundi la kujisomea tukielekezwa na wao. Nimefaulu, namshukuru Mungu, ila muhula wa kwanza ulinitoa jasho.

Karani wa Tandahimba alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimekaa nikasoma swali lako mara mbili, kwa sababu limenigusa. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Nilisoma ECA, nikaenda chuo, nikarudi nyumbani, na kazi yangu mwaka mzima ni korosho za watu na fedha za watu. Nitakueleza ninachokijua kwa sababu ninakitumia kila siku.

Mjomba wako anaangalia mlango wa chuo tu. Mlango upo, Mwana Shangani ameshakuonyesha. Mimi nataka uangalie unabeba nini unapoupita. Kidato cha tatu na cha nne ulifundishwa hesabu za mtu mmoja mwenye duka lake, ananunua, anauza, anafunga mwaka. Kidato cha tano unakutana na watu wanaoshirikiana: wabia wanaoingia na kutoka, kampuni inayouza hisa, tawi linalopelekewa bidhaa na makao makuu, mwenye mali anayemkabidhi wakala amuuzie, kiwanda kinachotaka kujua mfuko mmoja umegharimu shilingi ngapi. Hapo ndipo hesabu zinapoanza kufanana na maisha ya watu wa huku kwetu.

Chukua hilo duka la baba yako. Bila shaka hana leja. Ana daftari la wadaiwa, ana droo ya fedha, labda na risiti za jumla kutoka Lindi mjini. Kidato cha tano hiyo ni mada nzima, hesabu zisizokamilika, nami naipenda kuliko zote. Tuseme Januari watu walikuwa wanamdai... samahani, yeye ndiye anawadai, jumla 340,000. Ndani ya mwaka wamemlipa 1,900,000. Desemba unahesabu daftari unakuta bado wanadaiwa 520,000. Hakuna aliyeandika mauzo ya mkopo ya mwaka yalikuwa kiasi gani, lakini utayapata: 1,900,000 jumlisha 520,000 toa 340,000, ni 2,080,000. Unafanya hivyo hivyo kwa wadai wake wa jumla unapata manunuzi, unahesabu bidhaa zilizobaki rafuni, na taratibu faida inajitokeza mahali ambapo baba mwenyewe alikuwa akikuambia "biashara ipo ipo tu". Binti wa miaka kumi na nane anaweza kumfanyia baba yake kazi hiyo, na kwa wenye maduka wengi haijawahi kufanyika.

Sasa njoo kwenye korosho, maana umesema unataka kazi ya mazao. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za huku zinapita kwenye stakabadhi ghalani. Mkulima analeta mzigo kwetu, tunapima, tunampa risiti, mzigo unapelekwa ghala kuu, unaingia mnadani, unauzwa, fedha zinarudi kwa mkulima kupitia akaunti yake ya benki baada ya makato. Nimeona vijana wanaanza kazi wakiwa hawajawahi kusoma hesabu za wakala, na jambo la kwanza wanaloandika ni kwamba chama kimeuza korosho. Chama hakijauza korosho zake! Korosho ni za mkulima hadi mnunuzi wa mnadani anazichukua. Chama ni wakala.

Nikupe mfano, namba ni za kufundishia tu, kila msimu una bei na makato yake. Mzee ameleta kilo 600, mnadani zimepata 2,400 kwa kilo. Hiyo ni 1,440,000. Makato yote tuseme 240 kwa kilo, ni 144,000. Mzee analipwa 1,296,000. Ndani ya ile 144,000, ushuru wa chama chetu tuseme ni 60 kwa kilo, yaani 36,000. Hiyo 36,000 peke yake ndiyo mapato ya chama. Ile 108,000 iliyobaki ni ya halmashauri, ya chama kikuu, ya mwenye ghala, ya msafirishaji. Imepita mikononi mwetu tu, na mpaka tuwafikishie wenyewe ni deni letu. Ukiandika 1,440,000 kama mauzo ya chama, kwenye karatasi chama kinaonekana tajiri. Wajumbe wa bodi wanaanza kupanga matumizi ya fedha ambayo si yao, na mkutano mkuu ukifika wakulima wanauliza fedha zimekwenda wapi. Ugomvi mwingi wa fedha za vyama unaanzia hapo, kwenye mstari mmoja ulioandikwa upande usio wake, kabla hata mtu hajaiba.

Mimi nilijifunza jambo hili kidato cha tano, kwenye mfano wa mfanyabiashara wa Uingereza anayepeleka vyombo vya udongo kwa wakala wake Afrika. Nilikuwa nimekaa darasani nikasema moyoni, hizi ni korosho za babu.

Chuoni utafundishwa haya tena? Baadhi, ndiyo, na mengine kwa haraka sana, na kozi nyingi za biashara hazifiki kwenye hesabu za wakala kabisa. Kidato cha tano na sita una mwalimu mmoja, darasa dogo, na muda wa kurudia swali lile lile hadi mkono uzoee. Muda wa namna hiyo hutaupata tena maishani mwanangu. Ndiyo maana nasema, kama una nafasi ya ECA, ichukue.

Mwalimu wa Masasi alijibu:

Habari zenu. Ninafundisha Uhasibu kidato cha tano na sita, kwa hiyo niruhusuni niseme upande ambao Karani hajaugusa.

Binti, kabla ya kubadilisha, tafuta jibu la swali moja: shule unayoweza kupangiwa ina mwalimu wa Uhasibu aliyepo, anayeingia darasani? ECA haipo kila shule, na kuna shule tahasusi ipo kwenye orodha huku mwalimu akiwa mmoja kwa vidato vyote viwili, au hayupo. Historia unaweza kusoma peke yako kwa vitabu ukafaulu. Uhasibu bila mtu wa kukukagua ni shida, kwa sababu urari ukikataa kulingana unaweza kukaa saa tatu ukitafuta kosa ambalo mwalimu angelikuonyesha kwa kidole. Hizo E na S anazozisema mjomba wako nazijua. Nyingi nimeziona kwa wanafunzi waliokaa muhula mzima bila mwalimu, na chache sana kwa waliokuwa wazito. Piga simu shuleni, ongea na waliomaliza mwaka jana, waulize kwa jina la somo.

Jambo la pili ni muda. Kidato cha tano huanza Julai, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ni Mei. Ukiondoa likizo, miaka miwili inayosemwa haifiki. Na silabasi ni ndefu. Wanaoanguka huanguka kwa kuchelewa mada za ubia, kisha kampuni zinawakuta wakiwa bado hawajaelewa ubia.

Nitoe mfano wa ugumu wenyewe, ili usije ukashtuka. Ubia unavunjika, wabia watatu, wanagawana hasara sawa kwa sawa. Mali imeuzwa, hasara imegawanywa, na mbia wa tatu akaunti yake ya mtaji imebaki na upungufu wa 600,000 na yeye mwenyewe amefilisika, hana cha kulipa. Nani anabeba? Kila mwanafunzi anajibu haraka: wawili waliobaki, 300,000 kila mmoja, kwa sababu wanagawana sawa. Lakini ipo kesi ya Uingereza, Garner na Murray, inayotajwa vitabuni kwa mwaka 1904, na kanuni yake inasema upungufu wa mbia aliyefilisika si hasara ya kawaida ya biashara. Wanaubeba wenye uwezo kwa uwiano wa mitaji yao ya mwisho waliyokubaliana. Kama wa kwanza mtaji wake ni 4,000,000 na wa pili 2,000,000, basi wa kwanza anabeba 400,000 na wa pili 200,000. Darasani hapo huwa panatokea mabishano makali, na mimi huwaacha wabishane, maana aliyeweka mtaji mkubwa anaona ameonewa. Kuna watakaokuja kuwa wabia kweli, na ni vizuri wabishane sasa, kisha wajue kwamba mkataba wa ubia wanaweza kuandika vinginevyo kabla mambo hayajaharibika.

Tatu, kwa faida ya wote. Vitabu vingi vya shule bado vina majina ya zamani. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya utoaji taarifa za fedha Julai 2004 kupitia Bodi ya Wahasibu, NBAA, na chuoni mizania mtaiita taarifa ya hali ya kifedha. Kitu ni kile kile. Msitishwe na jina.

Hisabati nitamwachia Karani.

Binti wa Mtama aliandika:

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Ile ya wadaiwa nimeifanya leo kwa daftari la kweli la duka, baba ameniangalia akanyamaza.

Mjomba amesoma pia. Sasa amekuja na wazo lingine: kama nimeng'ang'ania hesabu, basi niende moja kwa moja TIA Mtwara, chuo cha uhasibu, nianze astashahada, niachane na kidato cha tano. Hilo mnalionaje?

Mbia wa Mikindani alijibu:

Dada, hiyo ndiyo njia niliyopita mimi, kwa hiyo nitakujibu. Tawi la TIA lipo hapa Mtwara na astashahada unaingia kwa vyeti vya kidato cha nne. Astashahada mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, kisha shahada ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada. Kwa hiyo hadi ufike mlango wa shahada ni miaka mitatu, wakati kidato cha tano na sita ni miwili. Faida yake ni kwamba ukikwama katikati una cheti mkononi unachoweza kuombea kazi. Cheti cha kidato cha sita cha ECA peke yake mwajiri wa huku hakiangalii sana.

Upande wa pili ni gharama. Ada, chumba, chakula, yote ni juu yako. Shule ya serikali kidato cha tano ni nafuu zaidi kwa mzazi. Mimi nilichagua chuo kwa sababu nilikuwa nafanya kazi bandarini wakati wa msimu na sikuweza kwenda bweni. Kwa pointi 18 na ukiwa na mtu wa kukusomesha, mimi ningekwenda kidato cha tano. Ni maoni yangu.

Karani wa Tandahimba aliandika:

Nakubaliana na Mbia, kila njia ina mwenye nayo. Wakubwa wangu wawili kazini wamepitia stashahada na ni wahasibu wazuri.

Kuhusu D ya Hisabati. Ndani ya Uhasibu wenyewe hesabu unazohitaji ni kujumlisha, kutoa, asilimia na uwiano. Mtu anayeweza kugawa faida kwa uwiano wa 3:2:1 bila kikokotoo anatosha. Kinachotaka Hisabati ni BAM (Basic Applied Mathematics), ile hisabati ya nyongeza, ambayo kila wa ECA anaisoma, na hata HGE utaikuta. Kwa hiyo kuikimbia ECA kwa sababu ya Hisabati hakukusaidii. BAM ina takwimu, uwezekano, matrisi, na kalkulasi kidogo. Vijana wa ECA huidharau kwa kuwa si somo la msingi, halafu wakifika chuoni mwaka wa kwanza wanakutana na hisabati za biashara na takwimu, na mada ni zile zile. Ukiisoma BAM kwa bidii kama somo la nne, hutajuta. Anza na matrisi na zile za kutafuta faida kubwa kwa mipaka ya malighafi, unachora mistari kwenye grafu. Hizo anayependa biashara huzielewa haraka.

Na mwambie mjomba jambo moja kwa heshima, kutoka kwa mama aliyeko kazini. Siku moja ukitaka CPA, cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, utafanya mitihani ya NBAA, na huko Uhasibu ni mgumu kuliko wa kidato cha sita mara nyingi. Waliofika huko ni wale ambao mkono ulizoea mapema.

Mwana Shangani aliandika:

Nikazie hapo kwa Karani. Takwimu za mwaka wa kwanza ziliondoa watu wengi kuliko uhasibu wenyewe. BAM, BAM, BAM.

Binti wa Mtama aliandika:

Nimeongea na mjomba jana jioni, na baba alikuwepo. Mjomba amekubali ECA kwa masharti mawili: nipate kwanza uhakika wa mwalimu kama alivyosema Mwalimu, na BAM nisipate chini ya ufaulu. Shule moja nimeshapata namba ya mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, anasema mwalimu wa Uhasibu yupo na anafundisha hata Jumamosi. Ya pili sijapata jibu.

Mwalimu, swali la mwisho. Kuna miezi kabla ya Julai na vitabu vyangu vya kidato cha nne ninavyo. Nianze na mada gani?

Mwalimu wa Masasi alijibu:

Usiguse ubia bado. Rudia marekebisho ya mwisho wa mwaka hadi uyafanye bila kufungua kitabu: gharama zilizolimbikizwa, malipo ya kabla, uchakavu kwa njia zote mbili, madeni mabaya na tengo la madeni yenye shaka. Swali lolote la kidato cha tano, liwe la ubia, la tawi au la kampuni, ndani yake lina marekebisho hayo, na mwanafunzi anayesita hapo anapoteza dakika ambazo hatazipata tena mtihanini. Kisha fanya masahihisho ya makosa na akaunti ya muda, ile inayoshika tofauti hadi kosa lipatikane, halafu ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki.

Andika kwa mkono, kwa kalamu na rula, tarehe na maelezo kila mstari. Usisome majibu kwa macho ukadhani umeelewa. Swali moja kamili kwa siku linatosha, na likikataa kulingana usilifute. Lipige picha, lilete hapa na kazi yote ilivyo, tutalitafuta kosa pamoja.